Wi-Fi Imejaa Mistari Lakini Malipo Yamekwama? Angalia Chaneli ya Rauta Yako

Ni saa mbili usiku. Mita ya stima imebaki na uniti mbili, na unafungua programu ya malipo ununue tokeni. Unaweka PIN, unabonyeza Lipa, halafu kile kiduara kinaanza kuzunguka. Alama ya Wi-Fi imejaa, kwa hivyo unaona shida si mtandao. Unafunga programu, unafungua tena, unalipa mara ya pili. Baada ya dakika moja zinaingia SMS mbili. Umenunua tokeni mara mbili, na nauli ya kesho imeenda.

Kinachotokea mara nyingi ni hiki: ombi lako la kwanza lilitufikia na malipo yakapita. Jibu ndilo lilikwama njiani likirudi kwa simu yako.

Kwa hivyo kabla ya yote, kiduara kikikwama usilipe tena. Zima Wi-Fi, kisha uangalie salio na taarifa ya malipo kwa bando la simu au kwa USSD, ambayo haihitaji intaneti. Ukingoja dakika chache na uone kweli malipo hayakupita, hapo ndipo ujaribu tena.

Sasa turudi kwa Wi-Fi yenyewe.

Mistari imejaa, mbona iko slo?

Ile mistari inaonyesha tu kwamba simu yako inaisikia rauta vizuri. Haikuambii ni rauta ngapi zingine zinaongea wakati huo huo. Kwenye magorofa ya Pipeline, Umoja au Roysambu, ukuta mmoja tu unakutenganisha na rauta ya jirani, na jioni kila mtu amerudi nyumbani.

Rauta nyingi hutumia masafa ya 2.4 GHz, yaliyogawanywa kwa chaneli kuanzia 1 hadi 13. Chaneli hizi zimeachana kwa 5 MHz tu, lakini mawimbi ya Wi-Fi yanahitaji upana wa karibu 20 MHz. Ni kama barabara iliyochorwa leni za pikipiki, halafu wanaopita ni malori. Ndiyo maana chaneli zinazotumika bila kugusana ni tatu: 1, 6 na 11.

Wengi wakiona hizo tatu zina watu, wanakimbilia 3 au 8 wakidhani kuko wazi. Hapo wanaharibu zaidi. Rauta zilizo kwenye chaneli moja husikiana na kupokezana zamu, kama watu kwenye foleni. Rauta ya chaneli 3 haipangi foleni na za 1 wala za 6. Kwao ni kelele, nazo kwake ni kelele. Ujumbe unaharibika, unatumwa upya, na kiduara kinaendelea kuzunguka.

Fanya hivi

1. Hakikisha shida ni Wi-Fi. Jioni, unganisha kompyuta kwa rauta kwa kebo. Kama kebo iko sawa na Wi-Fi inavuta miguu, shida iko hewani. Kama hata kebo iko slo, pigia kampuni inayokuuzia intaneti.

2. Angalia majirani wako wapi. Kwenye simu ya Android, weka programu ya bure ya kupima Wi-Fi. Itakuonyesha kila rauta iliyo karibu, chaneli yake na nguvu yake. Kati ya 1, 6 na 11, chagua ile yenye rauta chache na zinazosikika kwa mbali.

3. Ingia kwenye rauta. Fungua kivinjari, andika namba iliyo kwenye stika chini ya rauta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Nywila ya kuingia huwa kwenye stika hiyo hiyo. Ikikataa, kampuni ya intaneti inaweza kukubadilishia chaneli.

4. Badilisha. Tafuta palipoandikwa Wireless, kisha 2.4 GHz. Kwenye Channel, toa Auto uweke namba uliyochagua. Kwenye Channel Width, weka 20 MHz. Hifadhi. Wi-Fi itapotea kidogo, kwa hivyo usifanye hivi katikati ya malipo.

5. Kama rauta yako ina 5 GHz, itumie kwa simu ya kulipia. Ina chaneli nyingi zaidi, na maikrowevu haiisumbui kama inavyosumbua 2.4 GHz. Ila haipenyi sana ukuta wa mawe, kwa hivyo kaa karibu.

Ukiwa bado ndani ya rauta, badilisha ile nywila ya kwenye stika, maana kila aliyewahi kuingia kwako ameweza kuisoma. Na mtu akikupigia akisema anarekebisha Wi-Fi yako na anahitaji PIN yako ya malipo, kata simu. Rauta haina kazi yoyote na PIN yako, na sisi hatutawahi kukuuliza.

Majirani huhama na wengine huja na rauta mpya, kwa hivyo pima tena kila baada ya miezi michache. Na siku kiduara kitakapozunguka tena, kumbuka: angalia taarifa kwanza, kidole kingoje.