Swichi Moja, Arifa Sitini

Swichi kuu ya chuo ikizimika saa nane usiku, vifaa sitini vilivyo nyuma yake hupotea papo hapo. Programu dhaifu ya kufuatilia mtandao humwamsha fundi wa zamu kwa arifa sitini, naye ndani ya rundo hilo hajui aanzie wapi. Programu nzuri humtumia moja tu: swichi kuu ya chuo haijibu. Nikiombwa ushauri wa programu ya kuchora na kufuatilia mtandao, swali langu la kwanza ni hilo: je, inajua kifaa gani kinategemea kipi?

Jibu limo kwenye ramani, na ramani ya kuaminika huchorwa kwa ushahidi wa vifaa vyenyewe. Swichi nyingi za ofisini humtajia jirani aliye upande wa pili wa kebo jina lake na mlango wake kwa itifaki ya LLDP, iliyosanifiwa mwaka 2005. Programu ya LibreNMS husoma matangazo hayo ikaunga mchoro yenyewe. Kwa Nagios, iliyoanza mwaka 1999, ni wewe unayeandika kwamba kifaa hiki ni mzazi wa kile. Kazi hiyo inafanyika, ila kebo zikihamishwa na maandishi yakabaki, ramani inakupeleka kwenye jengo lisilo na tatizo.

Halafu kuna upimaji, na hapa wengi huumia bila kujua. Programu hizi huuliza vifaa kwa itifaki ya SNMP, iliyoanza mwaka 1988. Kaunta za zamani za biti 32 huhesabu baiti hadi zijae, kisha hurudi sifuri. Njia ya gigabiti moja ikifanya kazi kwa nguvu zote huijaza kaunta hiyo kwa sekunde 34 hivi, wakati programu nyingi huuliza kila baada ya dakika tano. Grafu itaonyesha njia nyepesi huku watumiaji wakilalamika. Hakikisha programu inasoma kaunta za biti 64.

Usalama nao usiahirishwe. Matoleo mawili ya kwanza ya SNMP hupitisha neno la siri waziwazi. La tatu linaweza kulificha na kuficha majibu pia. Desemba 2020 ilibainika kwamba masasisho ya Orion, programu ya kufuatilia mitandao ya kampuni ya SolarWinds, yalikuwa yamepandikizwa mlango wa siri, na wateja wapatao 18,000 walikuwa wameyapokea. Programu inayoona mtandao mzima ina thamani kubwa kwa mvamizi, kwa hiyo ipe ruhusa ya kusoma tu.

Kuhusu bei, Zabbix na LibreNMS hazidai ada ya leseni, lakini zinadai muda wa fundi. PRTG hutoza kulingana na idadi ya vipimo, na swichi moja yenye milango 24 hula vipimo vingi.

Kabla ya kulipa, ijaribu programu kwa wiki chache. Chomoa kebo ya swichi moja mchana, watu wakiwa wameambiwa, kisha hesabu arifa zinazoingia kwenye simu ya fundi. Na uangalie kama zinaingia kabisa: seva inayotuma arifa kupitia njia ileile iliyokatika haitasikika, ndiyo maana napenda iwe na modemu yake yenye laini ya simu.