Pumzi ya Kiongozi Katika Kazi za Chama

Kiongozi wa chama cha msingi cha kahawa katika vijiji vya mteremko wa Mlima Meru hubeba mzigo usiopimika kwa mizani ya ghala. Bei ya kahawa ya arabika huongozwa na soko la New York, ambako yeye na wanachama wake hawana kura. Lakini siku ya Mkutano Mkuu wanachama hawamwulizi mtu wa New York, humwuliza yeye. Tangu mgao wa mauzo chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulipovunjika mwaka 1989, bei zimepanda na kuporomoka mara nyingi, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilishuka mno hata wakulima wengine wakang'oa mibuni yao. Mwenyekiti aliyeahidi malipo ya pili kwa kutumainia soko, kisha soko likamgeuka, husimama mbele ya umati wa wanachama bila jibu la kuwaridhisha.

Saa kama hiyo mwili hufanya kazi yake bila kumtaka shauri mwenyewe. Tezi zilizo juu ya mafigo humwaga adrenalini katika damu, moyo huenda mbio, misuli ya shingo hukaza, na pumzi huhama kutoka tumboni na kupanda kifuani, ikawa fupi fupi. Matayarisho hayo yanamfaa mtu aliyekutana na nyati katika msitu wa Meru. Hayamfai mtu aliyeulizwa habari za hesabu ya mbolea. Kiongozi mwenye hofu huahidi asichoweza kutimiza, au hutia sahihi karatasi asiyoisoma ili mradi kikao kiishe, au humkaripia mwanachama aliyeuliza swali la haki. Hasara ya mambo hayo haimwangukii yeye peke yake. Huingia katika vitabu vya chama. Na hali hiyo ikijirudia msimu baada ya msimu, usingizi hupotea, na huweza kuchangia kupanda kwa shinikizo la damu.

Katika ghasia hiyo yote ya mwili, pumzi ina tabia ya pekee. Huenda yenyewe mtu akiwa usingizini, lakini pia hutii amri pale mtu anapotaka kuiongoza. Moyo hauamriki hivyo. Hata hivyo moyo hupiga haraka kidogo wakati wa kuvuta hewa, na hupunguza mwendo wakati wa kuitoa, kwa sababu ya mshipa wa fahamu uitwao vagasi, unaoteremka kutoka ubongoni hadi moyoni na tumboni. Kwa hiyo anayetoa pumzi kwa muda mrefu kuliko alivyoivuta huufikia moyo kwa njia ya kuzunguka. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Akishuka hadi karibu na mara 6, mwendo wa moyo na ule wa shinikizo la damu huanza kwenda kwa pamoja, na mwili hupokea habari kwamba hatari imepita.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya dini za mbali. Shaka hiyo ni ya haki, na inastahili kujibiwa. Mwaka 2001 Luciano Bernardi na wenzake walichapisha uchunguzi walioufanya nchini Italia juu ya watu waliosali rozari kwa Kilatini na waliokariri maneno ya yoga. Njia zote mbili zilishusha pumzi hadi mara 6 hivi kwa dakika, na faida kwa moyo ikawa ya namna moja. Mwili, basi, haukujali maneno yametoka katika dini gani. Ulijali mwendo wa pumzi. Mkristo wa Akheri na Mwislamu wa mjini Arusha wanaweza kufanya zoezi hili bila kugusa imani ya mtu.

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitoa matokeo ya zoezi la dakika 5 kila siku kwa mwezi mmoja. Wasiwasi ulipungua katika makundi yote, pamoja na kundi lililokaa kimya na kutafakari tu. Lakini waliovuta hewa kwa pua mara mbili mfululizo, kisha wakaitoa yote taratibu kwa kinywa, ndio waliozidi kwa uchangamfu wa moyo. Msomaji wa Kiswahili atalitambua zoezi hilo mara moja. Ndiko kushusha pumzi, jambo ambalo kila mama aliyetua mzigo wa ndizi sokoni Tengeru hulifanya bila kufundishwa. Hata neno kupumzika limezaliwa na pumzi.

Namna ya kufanya ni rahisi. Kiongozi aketi wima, miguu ikiwa chini, mkono mmoja juu ya tumbo. Avute hewa kwa pua huku akihesabu moyoni hadi 4, tumbo likiinuka. Kisha aitoe polepole akihesabu hadi 6. Dakika 5 asubuhi zatosha, na mara 3 tu kabla ya kujibu swali zito. Asivute kwa nguvu wala kwa haraka. Anayepumua kwa pupa hupoteza hewa ya kaboni kupita kiasi, akaona kizunguzungu na ganzi vidoleni. Hapo na aache, apumue kama kawaida yake. Vilevile zoezi hili si la kupandia mlima. Mjini Arusha, kwenye kimo cha mita 1,400 hivi, shinikizo la hewa ni takriban asilimia 85 ya lile la pwani, na kwenye kilele cha Meru, mita 4,562, ni zaidi kidogo ya nusu. Huko juu kupumua haraka ndiyo kinga ya mwili, wala haifai kuizuia.

Mwenye maradhi ya moyo au ya kifua amwone mganga kwanza, na mwenye dawa za shinikizo la damu asiziache kwa kuwa amejifunza kupumua. Kadhalika pumzi haizibi pengo la fedha. Mwenyekiti aliyetulia sana huku stakabadhi hazionekani ni hatari zaidi kuliko yule anayetetemeka, kwa maana wanachama humwamini. Mkaguzi ataendelea kuhitajika, na maswali makali vilevile; zoezi hili limekusudiwa kumwezesha kiongozi kuyasikia maswali hayo hadi mwisho kabla hajafungua kinywa.

Vyama vitakavyopenda kulijaribu kwa pamoja havina haja ya kulipia semina. Dakika 2 za kimya zaweza kuwekwa katika ajenda ya kikao, na mahali pake pazuri ni baada ya kusomwa taarifa ya mapato na matumizi, kabla maswali hayajafunguliwa.