Waliogeuza Uso

Alfajiri ya Juni 17, 1939, barabara iliyo mbele ya gereza la Saint-Pierre mjini Versailles, Ufaransa, ilifurika watu. Wengi walikuwa wamekesha. Walipiga miluzi, walipiga kelele, walisukumana kugombea nafasi ya mbele. Walimsubiri Eugen Weidmann, Mjerumani aliyehukumiwa kifo kwa kuua watu sita. Kazi ilichelewa, kukapambazuka, na mwanga ukawatosha wapiga picha. Kisu cha gilotini, mashine ya kukata vichwa, kiliposhuka, kamera zilinasa kila kitu.

Ndani ya umati huo alikuwemo kijana Mwingereza wa miaka 17, Christopher Lee, ambaye baadaye alipata umaarufu kwa filamu za kutisha. Miaka mingi baada ya siku hiyo alisimulia kwamba dakika ya mwisho aligeuza uso asione. Ila sikio halina kope. Alisikia.

Mmoja anasukuma wenzake ili aone, mwingine amefika palepale kisha anageuza uso. Historia ya gilotini imejaa watu wa aina hizo mbili, na mara nyingi wote wawili wamo ndani ya mtu mmoja.

Kabla ya Mapinduzi ya 1789, Ufaransa ilikuwa na kifo cha kila tabaka. Mkubwa alikatwa kichwa kwa upanga. Mnyonge alitiwa kitanzi, au alivunjwavunjwa mifupa na kulazwa juu ya gurudumu. Daktari Joseph-Ignace Guillotin, aliyekuwa mbunge, alitaka wote wauawe kwa namna moja, tena haraka. Daktari mwenzake, Antoine Louis, alisimamia ramani ya mashine, na fundi wa vinanda aitwaye Tobias Schmidt akaiunda.

Ilianza kazi Aprili 25, 1792, katika uwanja wa Place de Grève, Paris, kwa shingo ya mnyang'anyi Nicolas Jacques Pelletier. Umati ulinuna. Watu waliozoea kutazama kifo cha muda mrefu waliona wamepunjwa: kufumba na kufumbua, mambo yamekwisha! Wapo waliodai warudishiwe mti wao wa kunyongea. Mashine iliyobuniwa kumpunguzia mtu mateso ilishtakiwa na watazamaji kwa kosa la kuyapunguza.

Hata hivyo umati huohuo ulikuwa na mipaka. Julai 17, 1793, alikatwa kichwa Charlotte Corday, aliyemuua mwanasiasa Jean-Paul Marat. Msaidizi mmoja jukwaani aliokota kichwa, akakiinua na kukizaba kofi shavuni. Watu waliokuja kumwona Corday akifa walichukizwa, na yule msaidizi akatiwa ndani. Kumuua walikubali, kumdhalilisha maiti wakakataa.

Desemba mwaka huo ilifika zamu ya Madame du Barry, aliyekuwa kimada wa Mfalme Louis wa 15. Waliomtangulia wengi walipanda ngazi kimya, vichwa juu. Yeye alilia, akapiga mayowe, akaomba aongezewe dakika chache. Mchoraji Élisabeth Vigée Le Brun, aliyewahi kumchora, aliandika baadaye kwamba kilio kile kiliugusa umati, na kwamba lau wengine wote wangelia hivyo, mauaji yale yangekoma mapema zaidi. Hoja yake ni nzito. Anayekufa kwa ukakamavu humwachia mtazamaji nafasi ya kuamini kwamba anatazama mchezo wa kuigiza. Anayelia humkumbusha kwamba anayeuawa ni mtu, na hapo kutazama kunakuwa kugumu.

Mazoea nayo yalifanya kazi yake. Kati ya Juni 14 na Julai 27, 1794, watu 1,306 walikatwa vichwa mashariki mwa Paris na kuzikwa kwenye mashimo ya Picpus. Mashine ilikuwa imehamishwa kutoka katikati ya jiji. Wakazi wa huko walikuwa wamechoshwa na harufu ya damu.

Karne iliyofuata serikali iliendelea kuisogeza pembeni. Mwaka 1832 ilitolewa Place de Grève ikapelekwa ukingoni mwa jiji, mwaka 1851 ikawekwa mbele ya gereza la La Roquette, na mwaka 1870 jukwaa likaondolewa, mashine ikasimama chini kabisa ili wachache tu waone. Januari mwaka huohuo, mwandishi Mrusi Ivan Turgenev alikesha La Roquette kushuhudia kifo cha muuaji Jean-Baptiste Troppmann. Kisu kilipokaribia kushuka, aligeuza uso.

Mwandishi Albert Camus hakumjua baba yake, aliyekufa vitani mwaka 1914. Moja ya mambo machache aliyosimuliwa juu yake ni hili: baba alikasirishwa na muuaji aliyeangamiza familia nzima pamoja na watoto, akaamka usiku kwenda kumwona akikatwa kichwa upande wa pili wa jiji la Algiers. Aliporudi hakusema neno. Alijilaza kitandani kidogo, mara akaanza kutapika. Hasira yake ilikuwa ya haki, na bado haikumkinga na alichokiona.

Picha za Weidmann zilipochapishwa magazetini, serikali ya Édouard Daladier iliaibika. Wiki moja baadaye, Juni 24, 1939, ilitoa amri: adhabu hiyo itekelezwe ndani ya kuta za gereza. Kisu hakikuguswa. Walioondolewa ni watazamaji, na kwa miaka 38 zaidi Ufaransa iliendelea kukata vichwa faraghani.

Wa mwisho alikuwa Hamida Djandoubi, Septemba 10, 1977, katika gereza la Baumettes, Marseille. Jaji Monique Mabelly alilazimika kuwepo kwa mujibu wa kazi yake, na siku hiyohiyo aliandika aliyoyashuhudia. Kisu kilipokuwa tayari, aligeuza uso. Si kwa woga, aliandika, bali kwa haya iliyotoka ndani kabisa. Akasikia kishindo kizito. Alipogeuka tena aliona damu nyingi, nyekundu mno, na askari wa gereza akichukua mpira wa maji kuiosha sakafu.