Je, Mti Mchungu Huondoa Sukari?

Kijana wa Rubwera, bila shaka umewahi kusikia hii: "Mubilizi ni mchungu, kwa hiyo unaua sukari." Mgonjwa anaambiwa aachane na sindano, anywe majani tu. Wewe unasemaje?

Kwanza, usicheke miti shamba! Metfomini, kidonge kinachotumiwa sana na wenye kisukari, ina asili yake katika mmea wa Ulaya uitwao galega. Mmea wenyewe una sumu. Ilibidi wataalamu watengeneze dawa iliyo salama zaidi, na mwaka 1957 daktari Mfaransa Jean Sterne akatangaza kuwa imewasaidia wagonjwa.

Lakini uchungu si kipimo. Sukari inayoleta shida iko kwenye damu, siyo mdomoni.

Basi mmea hupimwaje?

1. Unatambuliwa kwa jina la kitaalamu.
2. Majani yanakaushwa, yanalowekwa, maji yake yanachujwa.
3. Panya wanapewa: je, inadhuru? Sukari inashuka?
4. Ikifaa, watu waliokubali wanajaribiwa, damu ikipimwa kabla na baada.

Watafiti wa Muhimbili, Dar es Salaam, waliwapa wagonjwa 21 maji ya mmea Phyllanthus amarus kwa wiki moja. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001: sukari haikushuka.

Umeona? Sifa ni sifa, kipimo ni kipimo. Anayehitaji insulini akiiacha anaweza kufa. Kama nyumbani kuna mgonjwa anayekunywa miti shamba, mshauri asiache dawa zake, na amweleze daktari bila kuficha.