Matangazo kwenye Tovuti: Uliza Kwanza Pesa Itakufikiaje

Una tovuti ya bei za miwa au habari za mpira hapo Uriri? Mitandao kama Taboola na MGID huweka matangazo yenye sura ya habari chini ya makala zako, nawe unalipwa, mara nyingi msomaji anapobofya. Kabla hujajisajili, angalia mambo matatu:

1. Kiwango cha chini cha malipo. Google AdSense, kwa mfano, haikutumii kitu hadi ufikishe dola 100. Wasomaji wakiwa wachache, utangoja miezi.

2. Njia ya malipo. Mtandao ukilipa kwa PayPal, tangu 2018 unaweza kuhamisha pesa hadi M-Pesa. Piga hesabu ya makato na bei ya kubadilisha dola, ujue kitakachobaki kwa simu.

3. Matangazo yenyewe. Dawa za miujiza zitakufukuzia wasomaji. Chagua mtandao unaokuruhusu kuzuia usiyoyataka.

Na ukiambiwa utume "ada ya usajili" ama utaje PIN yako, achana nao mara moja. Mtandao wa kweli hukulipa wewe; haukuitishi pesa. Nasi pia hatutawahi kukuuliza PIN.