Isukuti Haina Registration Fee

Tuongee story ya gym. Registration, doo. Monthly, doo. Locker, doo. Trainer anakushow "engage core" macho yakiwa kwa simu yake, hiyo pia doo. Alafu unapanga line ya treadmill nyuma ya manzi ana-shoot TikTok na leggings za thao tatu. Jasho? Zii. Foundation itatoka.

Kumbe Kakamega kuna wamathe wanapiga cardio ya maana na hawajatoa hata mbao.

Naongelea isukuti, densi ya Waisukha na Waidakho. Ngoma ni tatu: kubwa, ya kati na ndogo. Baba, mama na mtoi. Family package! UNESCO iliiweka kwa list mwaka wa 2014, ile ya urithi unafaa kuokolewa chap chap, na sisi tuko busy tukilipia Zumba. Ikishika, mabega yanatetemeka yenyewe, miguu inagonga chini, na hakuna mtu anakuambia "rest thirty seconds". Rest utapata maiki ikizima.

Na si story za jaba. WHO inataka dakika 150 za mazoezi ya kadiri kwa wiki, ama 75 za kukiwasha. Harusi moja ya shags inakula hiyo budget yote kabla pilau itoke. Kule kugonga chini nako kunajenga mifupa, na mifupa hujiwekea akiba mpaka karibu miaka 30. Baada ya hapo ni kutoa tu. Kwa hivyo gonga sai.

Wa Mombasa mnajua chakacha. Leso inafungwa kiunoni, kifua kinatulia, nyonga inapiga job peke yake. Hiyo ni tumbo, mbavu na mgongo wa chini, zote kwa mpigo. Mara ya kwanza utagundua kiuno yako ni boneti ya Probox ya zamani: imeshika. Cousins watakurekodi na utaingia kwa group ya family kama sticker. Leggings za thao tatu hazikuokoi hapo. Mwomboko ya Central ndio ya soft life: step mbili, kunja goti, accordion inalia. Squats, lakini na mpenzi.

Sasa, wazee. Kuna yule uncle wa kila Disemba: "Wasichana wa siku hizi ni wanyonge." Anasema hivyo akipumua kama amekimbizwa, na ametoka tu kwa gari. Shosh naye anadai gym ni ushetani, eti ngoma inatosha. Hapo kwa ngoma ako na point, lakini usimkubalie mbele ya watu. Utasikia hiyo story mpaka Easter.

Madaktari wako na test moja simple. Ukiweza kupiga story lakini kuimba imekataa, mazoezi yako ni ya kati. Ukishindwa kumaliza sentensi, uko juu. Wamathe wa isukuti wanaruka, wanaimba, wanapiga vigelegele, na bado wako na pumzi ya kukuuliza utaolewa lini. Hao tuwaweke level gani?