Vazi la mnyama: Vifaa anavyopaswa kununua kwanza mshonaji anayeanza

Kila msimu wa tamasha za shule unapowadia, walimu na vijana wa vikundi vya sanaa katika vijiji kama Ndalu, kaunti ya Bungoma, hukabiliwa na swali lile lile: fisi, chui au mbega atakayepanda jukwaani avishwe nini?

Zamani jibu lilikuwa jepesi. Katika sehemu nyingi za magharibi ya Kenya ngozi ya mbega, yenye manyoya marefu meusi na meupe, lilikuwa vazi la wazee wenye hadhi na la wacheza ngoma. Wanyama hao wangali wanapatikana katika msitu wa Kakamega na kwenye miteremko ya mlima Elgon, mwendo usio mrefu kutoka Kitale.

Hata hivyo, njia hiyo imefungwa. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, iliweka adhabu kali kwa anayepatikana na ngozi, pembe au sehemu nyingine ya mnyamapori bila kibali. Kwa mujibu wa kifungu cha 95, mkosaji alitakiwa kutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 1 au kufungwa jela kwa muda usiopungua miaka 5, ama adhabu zote mbili. Kifungu hicho kinamgusa pia anayetengeneza kitu kutokana na sehemu hizo. Mwalimu anayeazima ngozi kuukuu ya mzee wa kijiji kwa ajili ya ngoma ya dakika chache anajitia hatarini, pengine bila kujua.

Uhaba wa mavazi umekwisha kutambuliwa hata kimataifa. Shirika la UNESCO lilipoiorodhesha ngoma ya Isukuti ya Waisukha na Waidakho mwaka 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura, ukosefu wa fedha na wa malighafi ya kutengenezea ala na mavazi ulitajwa kuwa mojawapo ya vikwazo. Kwingineko ufumbuzi umetoka viwandani. Nchini Afrika Kusini shirika la Panthera limewagawia maelfu ya waumini wa kanisa la Shembe mavazi ya kitambaa yanayofanana na ngozi ya chui, ili wayavae katika dansi zao za ibada badala ya ngozi halisi.

Kitambaa cha namna hiyo, yaani manyoya bandia, ndicho wanachotumia pia mashabiki wa Marekani na Ulaya wanaojishonea vazi kamili la mnyama, kuanzia kichwa hadi mkia. Mashabiki hao walianza kufanya makongamano yao wenyewe mwaka 1989 huko Costa Mesa, California, na tangu hapo wamekusanya maarifa mengi ya ushonaji. Mengi kati yake yanaweza kutumiwa na fundi wa Ndalu mwenye mkasi, wembe na sindano.

Kosa linalowagharimu wengi wanaoanza ni kununua kitambaa cha mwili mzima kabla hawajajua kukikata. Vazi kamili la mtu mzima huhitaji takriban mita 4 za kitambaa chenye upana wa sentimita 150. Kichwa peke yake huhitaji kama mita 1. Kwa hiyo ni busara kuanza na kichwa na mkia, na mchezaji avae suruali na fulana nyeusi. Mtazamaji humtambua fisi kwa masikio, pua na mgongo ulioinama, miguu haimshughulishi.

Si lazima kitambaa kiwe kipya. Katika masoko ya mitumba, ya Kitale yakiwemo, makoti ya manyoya, mablanketi mazito na mazulia madogo ya chumbani hutoa malighafi nzuri. Kabla ya kulipa, mnunuzi agawanye manyoya kwa vidole viwili na kutazama shina lake: iwapo kitambaa cha chini kinaonekana wazi kama kichwa chenye upara, akiache. Avute kidogo manyoya machache ili kuona kama yanang'oka, kisha akigeuze na kukinyoosha upande wa nyuma. Kilichokauka kwa uzee hupasuka kwenye mishono. Manyoya ya sentimita 2 au 3 humfaa zaidi anayeanza, kwa kuwa yanaficha mshono uliopinda na bado yanaweza kupunguzwa usoni.

Anayetaka mbega ana bahati ya pekee. Katani, ambayo imetumika kwa miaka mingi katika sketi za ngoma, ikichanwa vizuri hufanana mno na manyoya meupe ya mabegani na mkiani mwa mnyama huyo. Kilichobaki ni kitambaa cheusi tu.

Kifaa cha kukatia ndicho kisichofaa kufanyiwa ubahili. Mkasi ukipitishwa juu ya manyoya huyakata yote, na mshono hubaki na mstari unaoonekana kutoka mbali kama nywele zilizonyolewa vibaya. Manyoya bandia hukatwa kwa nyuma, kwa wembe mpya au kisu chembamba cha kukatia karatasi, na ncha ikate kitambaa cha chini peke yake. Kisha vipande huvutwa taratibu ili manyoya yaachane. Kazi hiyo ifanyiwe nje ya nyumba, pua na mdomo vikiwa vimefunikwa, kwa sababu nyuzi huruka na kujaa hewani.

Kabla ya kukata, kila kipande kichorwe kwa chaki mshale unaoonyesha manyoya yanakoelekea. Kwa mnyama wa kweli manyoya hulala kuelekea nyuma na chini. Kipande kimoja kikigeuzwa, shavu moja litang'aa na jingine litaonekana jeusi zaidi. Aidha, kielelezo cha karatasi kipinduliwe kinapochorwa upande wa pili, la sivyo fundi atajikuta na masikio mawili ya kulia.

Cherehani ya kukanyaga, ambayo bado ipo katika vibanda vingi vya mafundi, huweza kushona kitambaa hiki iwapo itatiwa sindano nene, namba 16 au 18, na mshono mrefu. Asiye na cherehani asikate tamaa. Uzi imara wa poliesta na sindano ya mkono vinatosha, na mshono wa kuzungushia ukingo hauonekani kabisa baada ya manyoya kuchanwa. Sindano ya magunia haifai, huacha matundu. Manyoya yasukumwe ndani kabla ya kushona, na yale yaliyonaswa yatolewe baadaye kwa ncha ya sindano. Chanuo la kawaida la nywele hukamilisha kazi hiyo.

Kichwa ndicho chenye kazi kubwa na hatari kubwa. Msingi wake unaweza kuwa boshori kuukuu iliyovishwa juu ya mpira au bonge la magazeti lililofungwa kwa utepe, kisha vipande vya sponji ya godoro vyenye unene wa sentimita 2 hadi 3 vikagundishwa juu yake ili kuunda pua, mashavu na paji la uso. Kamwe kisijengwe kichwani mwa mtoto. Sponji ngumu kidogo, inayorudi upesi inapobonyezwa, hudumu kuliko ile laini ya bei ya chini.

Gundi ya mafundi wa viatu hushika sponji vizuri: hupakwa pande zote mbili, ikaachwa hadi ikaribie kukauka, kisha pande zikabanwa pamoja. Lakini mvuke wake ndio ule ule unaowadhuru watoto wa mitaani wanaoinusa. Ipakwe mtu mzima akiwapo, mahali penye upepo, mbali na moto, na mkebe ufungiwe kabatini. Sponji na manyoya bandia navyo hushika moto kwa urahisi, kwa hiyo koroboi na jiko visikaribiane na meza ya kazi wala na vazi lililokamilika.

Macho hutengenezwa kwa wavu wa dirisha uliopakwa rangi upande wa nje. Aliyevaa huona, na watazamaji hawamwoni. Uwezo wa kuona huwa mdogo hata hivyo, na kwa hiyo mdomo wa mnyama uachwe wazi ili kupitisha hewa na kumwezesha mchezaji kuona miguu yake.

Jambo ambalo vikundi vingi hulipuuza ni joto. Manyoya bandia hayapitishi jasho, na hata hali ya hewa ya ubaridi ya Ndalu haimsaidii mtu anayeruka ndani ya sponji. Mazoezi yafanywe kwa vipindi vya dakika 10 hadi 15, kichwa kivuliwe, maji yanywewe. Mwenzake asimame kando, wakiwa wamekubaliana ishara ya mkono ya kuomba msaada. Mtoto mwenye pumu apewe sehemu nyingine ya mchezo.

Baada ya onyesho, kichwa kigeuzwe ndani nje kadiri inavyowezekana, kifutwe kwa kitambaa chenye maji ya sabuni na kuning'inizwa mahali penye upepo. Kisipigwe pasi wala kuanikwa karibu na moto, kwani manyoya huyeyuka na kujikunja. Msimu wa mvua kikitiwa kwenye mfuko wa plastiki kabla sponji haijakauka, kitaota ukungu kabla ya tamasha lijalo. Gunia safi linalopitisha hewa, likitundikwa darini, ni hifadhi bora zaidi.